Laini mbili, ukuta mmoja, na intaneti iliyogoma kuhama

Swali la msomaji: "Mtaalamu, ofisini tuko watu 60 na tuna laini mbili za intaneti: faiba ya megabiti 100 kwa sekunde, na laini ya 4G ambayo ikipimwa inatoa kama 20. Zote zinaingia kwenye ukuta wa moto mmoja (kifaa cha kulinda mtandao) unaoendeshwa na programu ya pfSense. Niliziweka zigawane mzigo nusu kwa nusu, nikitarajia tupate 120, na moja ikifa nyingine ibebe. Badala yake intaneti imekuwa nzito kuliko zamani, na wahasibu wanatupwa nje ya mfumo wa benki katikati ya malipo. Wiki iliyopita faiba ilikatika, na kwa saa mbili kurasa zilikuwa mara zinafunguka, mara zinagoma, huku ukuta ukionyesha laini zote mbili kwa rangi ya kijani. Bosi anataka tununue ukuta wa pili. Je, ndiyo dawa? Na IPv6, ule mfumo mpya wa anwani za intaneti, niiwashe?"

Jibu: Ukuta wa pili usingekuokoa hata dakika moja ya zile saa mbili. Ungekuwa na kuta mbili zinazoamini kwamba laini iliyokufa iko hai. Kwa hiyo mwombe bosi aziweke hela zake kando kwanza, tuanze na hiyo rangi ya kijani.

Ukuta wa moto hauioni intaneti. Unamwona jirani yake wa kwanza tu, yaani kile kifaa kilicho upande wa pili wa waya. Usipouelekeza vingine, pfSense hupima uhai wa laini kwa kupiga pingi, yaani kutuma kipande kidogo cha data (pakiti) kinachouliza "upo?", kwenye anwani ya lango lake, ambalo ndilo jirani huyo. Kama faiba yako inaingia kupitia modemu ya mtoa huduma iliyo kwenye kabati moja na ukuta, basi mara nyingi lango hilo ndiyo modemu yenyewe. Faiba inaweza kukatwa na chepeo kilomita kumi kutoka hapo, modemu ikabaki na umeme wake, ikajibu pingi kwa uaminifu mchana na usiku. Ukuta unapata jibu, unaweka kijani, na unaendelea kupeleka nusu ya miunganisho kwenye shimo. Ndiyo maana kurasa zako zilikuwa mara zinafunguka mara zinagoma: kila ombi jipya lilikuwa linachezewa bahati nasibu.

Nakiri kosa hili nimelifanya mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimfungia mteja mfumo wa laini mbili. Siku ya kukabidhi nikachomoa waya kati ya ukuta na modemu mbele ya wakubwa wote, intaneti ikahama ndani ya sekunde chache, tukapeana mikono. Laini ilipokatika kweli, barabarani, hakuna kilichohama. Siku ile nilikuwa nimeupima waya wangu wa mita moja, basi.

Hivyo kazi ya kwanza ni kuipa kila laini shabaha ya kupima iliyo mbali. Watu wengi hutumia 1.1.1.1 kwa laini moja na 8.8.8.8 kwa nyingine. Zinafaa, ila zina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, shabaha lazima zitofautiane, kwa sababu pfSense huipigilia kila shabaha njia ya kudumu kupitia laini yake. Anwani moja haiwezi kupigiliwa kwenye laini mbili. Pili, kutokana na kupigiliwa huko, ukiifanya 8.8.8.8 kuwa shabaha ya laini ya 4G, kisha ukuta wenyewe ukaitumia kama seva yake ya DNS (inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani), maswali hayo ya DNS yatapitia 4G tu, hata faiba ikiwa nzima. Mimi hupendelea kufuatilia njia ya pakiti na kuchagua ruta ya pili au ya tatu ndani ya mtandao wa mtoa huduma, inayojibu kwa utulivu. Hasara yake ni kwamba mtoa huduma mwenyewe akitengwa na dunia, ruta yake ya ndani bado itakujibu. Ndiyo maana kwa laini kuu huwa nachagua shabaha ya nje, kwa sababu kuhama bila sababu ni hasara ndogo kuliko kubaki kwenye maiti.

Sasa namba. Programu inayopima katika pfSense inaitwa dpinger. Ikiachwa ilivyo, hutuma pingi kila nusu sekunde na kutoa wastani wa sekunde 60 zilizopita. Laini inatangazwa imekufa upotevu wa pakiti ukizidi asilimia 20 au ucheleweshaji wa wastani ukizidi milisekunde 500. Piga hesabu: katika sekunde 60 zinatoka pingi 120, na asilimia 20 yake ni 24. Laini ikifa ghafla kabisa, pingi 24 zinapotea ndani ya sekunde 12. Ongeza sekunde kama mbili za kusubiri majibu kabla ya pingi kuhesabiwa kuwa imepotea, na unapata sekunde kumi na nne hivi kabla ukuta haujachukua hatua. Kwa ofisi nyingi hizo zinavumilika. Ukishusha dirisha la wastani hadi sekunde 20 utahama mapema zaidi, lakini utahama pia kila laini inapokohoa. Laini inayoruka-ruka, dakika hii iko na dakika ijayo haipo, inaumiza watumiaji kuliko iliyokufa moja kwa moja, kwa sababu kila mruko unavunja kila kitu kilichokuwa kinaendelea. Kwa 4G yako ningepandisha kiwango cha ucheleweshaji. Redio hupanda na kushuka kwa tabia yake, na hutaki ukuta uitangaze imekufa kwa sababu mnara umepata wateja wengi saa sita mchana.

Kuna kufa na kuna kufa nusu. Laini inayopoteza pakiti 15 kati ya kila 100 itapita mtihani wa asilimia 20, lakini simu zote zitakuwa za kukwaruza na faili hazitashuka. Unapounda kundi la malango, yaani orodha ya laini zinazosaidiana, utaulizwa kinachoondoa laini kwenye kundi: ife kabisa, ipoteze pakiti, ichelewe, au lolote kati ya mawili haya ya mwisho. Hapa chagua upotevu wa pakiti au ucheleweshaji, wala usiridhike na kufa kabisa. Kisha shusha kizingiti cha juu cha upotevu wa faiba hadi 10, na kile cha onyo hadi 5 ili kibaki chini yake. Faiba yenye afya haipaswi hata kukaribia hapo.

Tuje kwenye kugawa mzigo, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Hiyo 120 uliyoitarajia haipo. Ukuta haugawi pakiti, unagawa miunganisho. Muunganisho ukishaanza kwenye laini fulani utamalizikia hapo hapo, kwa sababu anwani ya nje iliyotumiwa na NAT (inayoficha kompyuta za ndani nyuma ya anwani ya nje) ni ya laini ile na seva ya upande wa pili inaitambua hiyo tu. Faili moja kubwa inayoshuka kwa muunganisho mmoja itapata kasi ya laini moja, hata ukiwa na laini kumi. Faida ya kugawa huonekana mkiwa wengi mnaofanya mambo mengi madogo kwa wakati mmoja.

Halafu umegawa nusu kwa nusu laini ambazo moja ni mara tano ya nyingine. Ofisi ikihitaji megabiti 40 kwa jumla, 20 zinaenda kwenye faiba, ambayo haijachoka hata kidogo, na 20 zinaenda kwenye 4G, ambayo sasa imejaa pomoni. Zaidi ya hapo nusu ya ofisi inalia huku robo tatu ya faiba imekaa bure. Kabla ya kuongeza laini ya pili ulikuwa na 100. Baada ya kuiongeza ofisi inaanza kukwama kwenye 40. Ungeweza kuweka uzani wa tano kwa moja, ambao ndio uwiano halisi, lakini uzani huo nao ni wa idadi ya miunganisho, haujui ukubwa wake. Video moja nzito ikidondokea kwenye 4G, hesabu yote imeharibika. Na hata mambo yakienda sawasawa kabisa, umepata nyongeza ya asilimia 20 kwa gharama ya kumtesa mmoja katika kila miunganisho sita.

Kugawa mzigo kunafaa laini zinazofanana. Zako hazifanani, kwa hiyo ushauri wangu ni kuacha kugawa. Weka faiba daraja la kwanza na 4G daraja la pili. Katika pfSense, laini zilizo daraja moja hugawana, na zilizo madaraja tofauti hungojeana. Kama hutaki 4G ikae tu, ipe kazi maalumu: tengeneza kundi la pili lenye mpangilio wa kinyume, 4G kwanza kisha faiba, na ulielekezee mtandao wa wageni, ambao hakuna atakayefukuzwa kazi ukienda polepole. Angalia tu kama data ya 4G hiyo ina kikomo.

Tatizo la benki linaondoka lenyewe ukifanya hivyo, ila uelewe lilitoka wapi. Ukurasa mmoja wa benki hufungua miunganisho kadhaa. Ukigawa, mingine inatoka na anwani ya faiba na mingine na ya 4G. Mfumo wa benki unaona mtu mmoja aliyeingia anazungumza kutoka sehemu mbili kwa wakati mmoja, unamdhania mwizi, unamtoa. Kuna kitufe cha kuwaganda watumiaji kwenye laini moja, lakini mgando huo hudumu tu wakati mtu bado ana miunganisho iliyo hai. Mhasibu akienda kunywa maji, akirudi anaweza kupewa laini nyingine.

Mtego wa usanidi unaowanasa wengi: kuunda kundi peke yake hakufanyi lolote. Kundi lazima liwe ndilo lango kuu la mfumo, au litajwe ndani ya kanuni ya ukuta inayoruhusu watu kutoka. Ukilitaja ndani ya kanuni, kumbuka kwamba kanuni hiyo itasukuma kila kitu nje kupitia laini za intaneti, hata pakiti zinazokwenda kwenye printa iliyo mtandao wa ndani wa pili au tawi lililo upande wa pili wa VPN, lile handaki la siri linalopita kwenye intaneti. Juu yake weka kanuni nyingine inayoruhusu anwani za ndani bila kutaja lango. Nimeshaitwa mara kadhaa kutibu "VPN mbovu" ambayo haikuwa na ugonjwa zaidi ya mpangilio wa kanuni hizi mbili.

DNS nayo ina hila zake. Kama ukuta wako unauliza majina kwenye seva za mtoa huduma wa faiba, siku faiba ikifa mara nyingi seva hizo hazitakujibu ukizifikia kutoka nje ya mtandao wao. Laini itakuwa imehama salama, lakini hakuna jina litakalotafsirika, na ofisi nzima itakwambia intaneti haipo. Weka seva za DNS za pande zote mbili, kila moja ikifungwa kwenye laini yake.

Umeniuliza kuhusu kuhama, lakini hukuuliza kinachotokea kwa miunganisho iliyokuwa hai wakati wa kuhama, na pengine hapo ndipo utakapopoteza usingizi. Ukuta hukumbuka kila muunganisho katika jedwali lake. Muunganisho wa TCP (itifaki inayobeba kurasa na faili) uliokwisha kufunguka unaweza kukaa kwenye jedwali la pf, injini ya pfSense ya kuchuja pakiti, kwa saa 24 bila kupita pakiti. Kwenye kuta za Linux, siku tano. Laini ikifa, kumbukumbu hizo bado zinasema "peleka kwa faiba". Kurasa za wavuti hazijali sana, kwani kivinjari kikikwama hufungua muunganisho mpya. Simu za mezani za SIP, zile zinazopita kwenye intaneti, ndizo sugu. Nyingi hutumia UDP, itifaki isiyofungua wala kufunga muunganisho rasmi, na kila baada ya muda mfupi hutuma kijiishara cha kumwambia mtoa huduma "bado nipo". Kila kijiishara kinaihuisha ile kumbukumbu ya zamani, kwa hiyo haichakai kamwe. Simu inaweza kubaki imeng'ang'ania laini iliyokufa mpaka mtu aizime na kuiwasha. Washa chaguo la kufuta miunganisho ya laini pindi inapokufa.

Kinyume chake hutokea faiba ikirudi. Wavuti itarejea yenyewe taratibu, lakini simu zitabaki kwenye 4G kwa siku kadhaa, na mtaanza kujiuliza kwa nini sauti ni mbaya wakati faiba iko safi. Kwa wavuti na faili, acha miunganisho imalizike ilipo. Kwa simu, futa kumbukumbu zake kwa mkono usiku, faiba ikishatulia.

Wale wanaoingia kutoka nje, kama wafanyakazi wa VPN, wana hadithi yao. Kuhama kwa kutoka hakuhamishi kuingia. Laini nyingi za 4G ziko nyuma ya NAT ya mtoa huduma. Ukiona anwani ya ukuta wako upande wa 4G inaangukia kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, ambazo zilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012, basi hakuna wa nje atakayeweza kugonga mlango wako. Njia rahisi ni ukuta wako uwe ndio unaoanzisha handaki la VPN kwenda kwenye seva iliyokodishwa mahali pengine yenye anwani ya kudumu, na watu waingilie huko. Wenye mifuko mirefu hupata kizio chao cha anwani na kukitangaza kwa watoa huduma wawili kupitia BGP, itifaki ambayo mitandao mikubwa huambiana njia, lakini kwa IPv4 kizio kidogo kuliko anwani 256 hakipokelewi na wengi, na laini ya kawaida ya 4G haitakupa BGP.

Sasa ndiyo tuuzungumzie ukuta wa pili wa bosi. Unakinga jambo moja: kufa kwa ukuta wa kwanza, au kuuzima kwa ajili ya matengenezo bila kusimamisha ofisi. Hilo lina thamani, lakini lina masharti. Kuta mbili hushirikiana kwa CARP, itifaki iliyoingia na OpenBSD 3.5 mwaka 2004, binamu wa VRRP, itifaki nyingine ya vifaa kupokezana anwani moja. Kila mtandao unahitaji anwani tatu: moja ya kila ukuta na moja ya pamoja, na kompyuta zote huelekezwa kwenye ile ya pamoja. Kwa hiyo mtoa huduma anayekupa anwani moja tu ya nje tayari amekukwamisha. Ukuta mkuu hutangaza kila sekunde moja kwamba upo. Wa akiba ukikosa matangazo matatu unachukua kiti. Itifaki ya pili, pfsync, inanakili jedwali la miunganisho ili simu isikatike kiti kinapobadilishwa, na hiyo iwekee waya wake wa pekee.

Hatari yake ni matangazo kutofika wakati kuta zote mbili ni nzima. Matangazo haya ni ya kundi, kwenye anwani 224.0.0.18, na swichi iliyosanidiwa kuchuja pakiti za kundi inaweza kuyameza. Kila ukuta utajiona mjane na kujitawaza, na mafahali wawili hawakai zizi moja: anwani ile ile itadaiwa na vifaa viwili, na mtandao utakwenda kwa kusuasua kusikoeleweka. Fujo inayofanana na hiyo hutokea mtoa huduma akitumia VRRP kwenye waya huo huo kwa namba ya kundi sawa na yako, kwa kuwa CARP na VRRP hutumia namba moja ya itifaki, 112, na mtindo mmoja wa anwani za MAC (namba za kutambulisha vifaa kwenye waya). Badilisha namba yako ya kundi, usianze na 1 kama kila mtu.

Na tafadhali, usikubali mtu akuuzie kuta mbili zinazofanya kazi zote kwa pamoja kwa ofisi ya watu 60. Pakiti zikitoka kwa ukuta mmoja na majibu yakarudia wa pili kabla haujapata nakala, wa pili utayatupa kama wageni wasioalikwa. Tena kuta mbili zikibeba asilimia 60 kila moja, siku moja ikifa iliyobaki inatakiwa ibebe 120, na haiwezi. Kabla ya yote angalia swichi na umeme. Kuta mbili kwenye swichi moja na soketi moja ni ukuta mmoja uliolipiwa mara mbili.

Ukimaliza kusanidi, pima kwa kuvunja mahali panapovunjika kweli. Acha waya wa ukuta, chomoa ule wa faiba unaoingia kwenye modemu kutoka nje, modemu ikiwa na umeme. Kabla ya kuchomoa, piga simu moja ya mezani, anzisha faili moja kubwa lishuke, na uache dirisha la pingi linakimbia. Andika sekunde: lini pingi ilirudi, lini simu ilipiga tena, lini ukurasa wa benki ulifunguka. Rudisha waya, ungoje dakika kumi, uangalie simu zimeandikishwa kupitia laini ipi. Rudia mtihani huo kila unapopandisha toleo la programu ya ukuta.

IPv6 iache izimwe kwa sasa. Kila mtoa huduma atakupa kiambishi chake, yaani sehemu ya mwanzo ya anwani, kompyuta zitajipa anwani za faiba, na faiba ikifa zitaendelea kutumia anwani hizo ambazo 4G haitazikubali, maana hapa hakuna NAT ya kuzificha. Kuna ufumbuzi wa kutafsiri viambishi kwenye ukuta, na pfSense inauweza, lakini unakwenda vizuri zaidi ukiwa na kiambishi kisichobadilika kutoka pande zote mbili. Waulize watoa huduma wako hilo kwanza. Wakikupa jibu la maandishi, niandikie tena.